Hedi mpya anauliza: nitaongozaje ufundishaji wakati siku nzima niko ofisini?

Swali limetoka kwa madam mmoja, mwalimu wa baiolojia, mwaka huu amekabidhiwa kuwa hedi, yaani mkuu wa shule, kwenye sekondari ya serikali upande wa Tororo, Uganda, shule ya kutwa ya USE (mpango wa serikali wa kulipia ada ya sekondari), wanafunzi wamepita mia sita. Nafupisha alichoandika: kila semina anaambiwa hedi ndo kiongozi wa ufundishaji, lakini akifika asubuhi mzazi yuko mlangoni, bursa ana vocha za kusaini, wilaya wanataka ripoti leo leo, inafika jioni hajaingia darasa hata moja. Alipojaribu kuzunguka madarasani walimu wa fizikia na hesabu wakanung'unika, mmoja akamuuliza mbele ya wenzake, "Madam, kwani fizikia unaijua?" Na deputi wake anamshauri aachane na mambo ya darasa, hiyo ni kazi ya DOS (mwalimu msimamizi wa masomo), hedi atafute pesa na alinde jina la shule. Anauliza deputi yuko sahihi? Na kama hayuko sahihi, aanzie wapi?

Madam, salamu nyingi na hongera kwa kazi mpya, najua ni nzito.

Nianze na deputi wako manake nadhani yeye ndo anakusumbua kuliko hata huyo wa fizikia. Ana ukweli fulani. Hedi wa sekondari hawezi kuwa mkaguzi wa kila somo, na ukimnyang'anya DOS kazi yake shule itakuwa na maDOS wawili na hedi hamna. Lakini kusema darasa halikuhusu, hapo sikubaliani naye hata kidogo. Nani anafundisha S1 (mwaka wa kwanza wa sekondari) na nani anafundisha S4, kipindi cha hesabu kinakaa asubuhi au saa nane mchana watoto wakiwa na njaa, mkutano wa walimu unaongelea nini, mtoto anatolewa darasani kwa sababu ya pesa au anaachwa asome, hayo yote yanaamuliwa mezani kwako na yote ni mambo ya ufundishaji. Hata ukimwita mwalimu ofisini katikati ya kipindi kwa dakika tano tu umeshaamua jambo la ufundishaji, darasa zima limekaa linamsubiri.

Sasa hii habari ya hedi kuongoza ufundishaji imetoka wapi, na kwa nini inakuwa ngumu sekondari kuliko primary? Kule Marekani Ronald Edmonds alikuwa anatafuta shule za mijini ambazo watoto maskini wanafaulu, na mwaka 1979 akaandika kwamba shule hizo zinafanana kwa vitu kadhaa, kimojawapo uongozi wenye nguvu unaojali masomo. Mwaka 1985 Philip Hallinger na Joseph Murphy wakaigawanya kazi ya hedi mafungu matatu, kuweka wazi shule inalenga nini, kusimamia mtaala na ufundishaji, na kujenga mazingira ya kujifunza, humo ndani wakaweka kulinda muda wa masomo na kuonekana shuleni na kuwatia moyo walimu. Mpaka leo semina nyingi tunazokaa zinatumia mgawanyo huo au ndugu yake. Ila angalia jambo moja ambalo wengi hawalisemi: wakuu ambao Hallinger na Murphy waliwachunguza walikuwa wachache na walikuwa wa shule za msingi. Hedi wa primary anaweza kuingia darasa lolote akaelewa kila kinachofundishwa. Wewe S1 peke yake ina masomo 11 ya lazima kwenye mtaala mpya, achia mbali la kuchagua, halafu upande fizikia na uhasibu na sanaa huko juu. Ukichukua mfano wa primary ukauleta sekondari kama ulivyo unachoka bure na walimu wanakuona unawachungulia.

Na hilo la kuchungulia limepimwa. Watafiti watatu, Grissom, Loeb na Master, mwaka 2013 walitoa kazi yao kuhusu wakuu wa shule kama 100 za Miami, watu walikuwa wanamfuata mkuu siku nzima wakiandika kila anachofanya. Wakakuta muda wa mambo ya ufundishaji ulikuwa wastani wa asilimia 12.7 tu, na hao ni wakuu wenye makarani na wasaidizi, kwa hiyo usijilaumu sana. Lakini kilichonishika zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya huo muda ilikuwa ni kuzungukazunguka, kuingia darasa dakika chache na kutoka, na huko kuzunguka hakukuendana na watoto kufanya vizuri, kulienda kinyume, hasa kwenye sekondari. Kilichoendana na matokeo mazuri ni muda wa kukaa na mwalimu kumsaidia aboreshe kazi yake, na muda wa kuijenga programu ya masomo ya shule. Kwa hiyo walimu wako waliponung'unika hawakuwa wakorofi tu, walikuwa wanakwambia kitu cha kweli, kwamba mtu anayepita dirishani na daftari anaandika halafu harudi kusema lolote hajawasaidia.

Kazi nyingine ya kukumbuka ni ya Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake, 2008. Walikusanya tafiti mbalimbali wakauliza ni tabia gani za mkuu zinaambatana zaidi na watoto kujifunza. Kwenye kipimo chao cha nguvu ya uhusiano, namba ikiwa kubwa uhusiano ni mkubwa, kuweka malengo ilipata 0.42, kupanga na kusimamia ufundishaji nayo 0.42, kutafuta na kugawa rasilimali 0.31, na kile ambacho kilizizidi zote, 0.84, ni mkuu kuendeleza kujifunza kwa walimu na yeye mwenyewe kushiriki. Kushiriki, yaani anakaa nao anajifunza, sio kufungua semina kwa hotuba halafu anaondoka na mgeni rasmi. Hiyo namba sio ya kuichukulia kama bei ya sukari, tafiti zenyewe hazikuwa nyingi, lakini mwelekeo wake nauamini kwa sababu nimekaa kwenye shule za aina zote mbili na tofauti unaiona kwenye mazungumzo ya walimu wakati wa chai.

Jibu langu kwako basi, kwa kifupi kabla sijaenda mbele: wewe huongozi fizikia, unaongoza mazungumzo ya walimu wako kuhusu kazi za watoto, na unalinda muda wa mazungumzo hayo. Mengine yote hapa chini ni namna ya kufanya hilo kwenye shule yetu ya kawaida ya Uganda.

Anza na madaftari. Mwambie DOS wiki hii unataka kuona madaftari matatu ya kemia ya S2 kutoka mkondo mmoja, la mtoto anayefanya vizuri, la wa katikati, na la yule anayehangaika, na mwalimu mwenyewe ajue unayaomba, usiyachukue kwa kuvizia. Kaa nayo mezani yote matatu yakiwa wazi ukurasa wa mada ileile. Huhitaji kujua kemia nyingi. Angalia tarehe ya mwisho mtoto aliyoandika kitu. Angalia kama kalamu nyekundu imepiga vema tu mpaka chini au kuna mahali mwalimu ameandika neno ambalo mtoto anaweza kulifanyia kazi. Angalia kama kuna sentensi hata moja ambayo ni ya mtoto mwenyewe. Nitakupa mfano wa kitu utakachokikuta: mada ni kutenganisha michanganyiko, mwishoni kuna ile AOI (kazi ya kuunganisha alichojifunza), mtoto anapewa tatizo la maisha ya kawaida, kwamba kijiji kinachota maji ya matope, washauri watayasafishaje. Unasoma daftari la kwanza, jibu zuri. La pili, jibu lilelile. La tatu, lilelile, na neno lililokosewa herufi kwenye la kwanza limekosewa hivyo hivyo kwenye yote matatu kwa sababu lilikosewa ubaoni. Hapo hakuna mtoto aliyetatua kitu. Mwalimu alitatua, watoto wakanakili, na alama zikaingia kwenye rekodi kana kwamba kila mtoto ameonyesha uwezo.

Hilo madam ndo jambo kubwa kuliko yote kwenye sekondari zetu sasa hivi kwa maoni yangu, na ndo mahali hedi anahitajika kweli. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, S1 mpaka S4, ulianza S1 mapema 2020, Machi shule zikafungwa kwa korona, zikaja kufunguliwa zote Januari 2022, kwa hiyo walimu wengi waliingia kwenye mtaala wa umahiri bila kupata muda wa kuuzoea, wakaubeba na mikono ya mtaala wa zamani. Watahiniwa wa kwanza wa UCE, mtihani wa mwisho wa S4, kwa mtaala huo walikaa 2024, madaraja sasa ni A mpaka E, na asilimia 20 inatoka kwenye tathmini endelevu ya shuleni, 80 kwenye mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Hiyo 20 inajengwa na walimu wako kuanzia huko chini, sio S4. Kama alama zinapikwa siku za mwisho ili fomu ijae, mtoto anapoteza miaka ya mazoezi ya kufikiri halafu anakutana na swali la UNEB lenye hali halisi ambayo hajawahi kuikabili peke yake. Na huwezi kulitibu hilo kwa waraka wa "kuanzia leo marufuku kunakilisha." Mwalimu ananakilisha kwa sababu ana watoto 90 darasani na hajui namna nyingine ya kusahihisha kazi 90 zinazotofautiana. Huyo anahitaji msaada, aonyeshwe namna, kwa mfano watoto wafanye kwa makundi lakini kila mmoja aandike mwenyewe aya ya mwisho, au asahihishe kwa kina kazi 20 wiki hii na 20 zijazo, wengine wabadilishane wakague kwa vigezo vilivyobandikwa ukutani. Hayo walimu wakikaa pamoja wanayapata wenyewe, kazi yako ni kuwafanya wakae.

Na wanakaa lini? Hapo ndo ratiba. Fungua ratiba yako na DOS uangalie kama kuna kipindi kimoja kwa wiki ambapo walimu wote wa idara ya sayansi hawana darasa. Nina hakika hamna. Mkuu wa idara kwenye shule nyingi ni mtu mwenye ufunguo wa kabati ya vifaa na orodha ya mahitaji, hana muda wala ruhusa ya kuongoza chochote. Mpunguzie vipindi viwili vitatu, mpe kipindi cha idara cha dakika 40 kwenye ratiba yenyewe, sio "mtakutana jioni" manake jioni mwalimu ana bodaboda inamsubiri, na ajenda iwe kazi ya watoto iko mezani, sio matangazo. Matangazo yabandike ubaoni. Ni idara moja tu kwanza, usianze na zote, chagua ile yenye mkuu wa idara ambaye wenzake wanamheshimu hata kama ni jiografia.

Wewe ni wa sayansi, kwa hiyo SESEMAT unaifahamu, ule mpango ulioanza 2005 kwa msaada wa Japani kwa walimu wa sayansi na hesabu. Ile duara yake ya panga, fundisha, tazama, boresha mimi bado naona ni kitu bora tulichowahi kupata, walimu wanapanga somo moja pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanatazama, wanarudi wanalirekebisha. Shida yake shule nyingi waliihesabu kama semina ya kwenda na kurudi. Hakuna kinachowazuia idara yako kuifanya hapo hapo shuleni bila posho ya safari, somo moja kwa muhula linatosha kuanzia. Na wewe ukae humo kama mwalimu wa baiolojia, ulete daftari za watoto wako.

Hapo nafikia jambo la wewe kufundisha. Usiache. Najua mahedi wengi wakishateuliwa wanatoa vipindi vyote kwa sababu ya mikutano, na inaeleweka, ukichukua S4 utawaangusha watoto ukiitwa wilayani. Chukua mkondo mmoja wa S1 au S2, baiolojia, vipindi vya asubuhi mapema kabla watu hawajajaa ofisini, na mwalimu mmoja awe anajua mahali ulipofika akushikie ukitoka. Halafu kabla hujaingia darasa la mtu yeyote, waalike walimu waje kwako. Mwalike hata huyo wa fizikia. Mwambie njoo ukae nyuma, niangalizie watoto wangapi walisema kitu zaidi ya neno moja. Atakuja, kwa udadisi tu atakuja, na mkimaliza muulize aliona nini na usijitetee. Baada ya hapo kuingia kwako darasani kwake kunakuwa ni zamu, sio ukaguzi.

Ukiingia sasa kwa mtu, panga naye siku, kaa dakika zote 40, kaa nyuma karibu na mtoto sio karibu na mlango. Usijaze ile fomu yenye vipengele vingi vya kuweka tiki, kwamba ana andalio la somo, amevaa vizuri, ubao umegawanywa, hiyo waachie wakaguzi wa DES (kurugenzi ya viwango vya elimu) wana kazi yao. Wewe andika wanachosema na kufanya watoto. Utaona kwa mfano mwalimu anaeleza vizuri sana habari ya msongo, yaani nguvu kugawa kwa eneo, anachora, anauliza "mmeelewa?" darasa zima "ndiyooo," anaendelea, anauliza tena, "ndiyooo," na binti uliyekaa karibu naye ameandika fomula bila kujua ile herufi A inasimama badala ya nini, kwa sababu ulimuuliza kwa sauti ya chini akatabasamu tu. Hiyo ndo habari unayompelekea mwalimu. Humwambii fizikia yake ina makosa, hujui na haijalishi, unamwambia nilikaa karibu na fulani na hivi ndivyo alivyoandika, wewe ungejuaje kwamba hajaelewa kabla ya mtihani? Halafu unanyamaza unamwacha afikirie. Walimu wazuri wanaanza kujibu wenyewe papo hapo, nitawapa swali moja waandike dakika mbili kabla ya kengele, nitamwita mtoto kwa jina badala ya kuuliza wote. Mkubaliane jambo moja, sio matano, na umwambie utarudi wiki ipi kuliangalia hilo tu. Na urudi kweli. Mahedi wengi wanakwama hapa, wanatazama vizuri, wanaongea vizuri, hawarudi, na mwalimu anahitimisha kwamba ilikuwa msimu tu.

Mazungumzo hayo yafanyike siku hiyohiyo, na yafanyike kwenye maabara au chini ya mti kule idarani, sio ofisini kwako ng'ambo ya ile meza kubwa.

Kuhusu upande wa maudhui ya fizikia yenyewe, hapo unamtumia mkuu wa idara, mnaingia wawili, yeye anaangalia fizikia wewe unaangalia watoto. Kwa hiyo siku nyingine mtu akikuuliza fizikia unaijua, mjibu kwa upole kabisa, siijui kama wewe mwalimu, ndo maana mimi nitakuwa naangalia watoto wanaipata vipi, fizikia mwenzako ataiangalia. Hilo ni jibu la kweli na litamheshimu.

Sasa walimu gani wanafundisha wapi, hili nataka nilikazie kidogo. Angalia mgao wako wa mwaka huu, mwalimu mkongwe wa hesabu yuko S4 na S6, S1 wamepewa kijana aliyetoka chuo au wa kulipwa na PTA (chama cha wazazi na walimu) ambaye anaweza kuondoka muhula ukiisha. Tumezoea hivyo kwa sababu gazeti linaandika matokeo ya UNEB, haliandiki S1. Lakini mtoto wa S1 aliyetoka primary ya kijijini, kiingereza kinampa shida, hesabu za sehemu hazijui vizuri, akikosa mwalimu mzuri miaka miwili ya kwanza, S4 mwalimu mkongwe anakuja kuzima moto. Mgao huu uko mikononi mwako kabisa, hauhitaji bajeti wala ruhusa ya wilaya. Mpe mkongwe angalau mkondo mmoja wa S1, na huyo kijana mpe mkondo wa jirani ili wapange pamoja. Watalalamika, wataona S1 ni kushushwa cheo, kwa hiyo lieleze mapema kabla ratiba haijatoka na ueleze sababu.

Pia kuna ile ya walimu kuomba vipindi vyao vibanwe Jumatatu mpaka Jumatano kwa sababu siku zingine wako shule za private. Nawaelewa, mishahara inajulikana, hasa upande wa arts, tangu wale wa sayansi wenye digrii wapandishwe mpaka kama milioni 4 kwa mwezi mwaka wa fedha 2022/23 wenzao wakabaki nyuma sana mpaka wakagoma Juni 2022. Jeraha hilo bado liko kwenye vyumba vya walimu, na wewe ukiwa wa sayansi wanakutazama kwa jicho hilo, kwa hiyo hakikisha idara ya kwanza na ya pili unazozisaidia sio zote za sayansi. Lakini kubana hesabu ya S1 ikawa vipindi vitatu mfululizo siku moja halafu mtoto hakutani na hesabu mpaka wiki ijayo, hapana, hapo ni kumuumiza mtoto. Jadiliana na mtu mmoja mmoja, siku unaweza kumpa, vipindi vya mfululizo visizidi viwili. TELA, ule mfumo wa kidijitali wa mahudhurio ya walimu, itakuonyesha mwalimu amefika shuleni, haitakuonyesha kama ameingia darasani, hilo atakwambia kiongozi wa darasa kwa karatasi yake ya vipindi, na karatasi hiyo iende kwa DOS kila siku, sio kila mwisho wa muhula.

Mwalimu wa Kiswahili. Nakuomba umkumbuke. Kiswahili sasa ni lazima S1 na S2, baraza la mawaziri nalo Julai 2022 likasisitiza kifundishwe primary na sekondari, lakini shule nyingi zina mwalimu mmoja peke yake, hana idara, hana wa kumuuliza, na hedi hawezi kumsaidia lugha. Nyinyi wa mpakani na Kenya mna bahati, shule za jirani zina walimu wazuri tu, ongea na mahedi wenzako wawili watatu muwaunganishe hao walimu wakutane mara moja kwa mwezi wapange pamoja na wasahihishe pamoja. Vivyo hivyo kwa sanaa na yeyote aliye peke yake.

Sasa muda wako mwenyewe. Chagua asubuhi mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Alhamisi, kuanzia kipindi cha kwanza mpaka mapumziko, hizo ni za darasa na idara. Mwambie karani, mwambie askari wa getini, bandika mlangoni saa za kuona wazazi. Bursa alete vocha zote saa sita, sio moja moja. Wilaya wakipiga simu deputi apokee. Wiki ya kwanza itavunjika, mzazi atakuja analia au mtoto ataumia, nenda kashughulike, halafu rudisha muda huo siku nyingine ya wiki ileile ili wote waone unaurudisha. Paredi ya Jumatatu ikipita muda inakula kipindi cha kwanza cha shule nzima, ifupishe. Na lile la kuwatoa watoto darasani kwa hela ya chakula au ya PTA, madam, tafuta njia nyingine, piga simu kwa mzazi, andika barua, ita wazazi Ijumaa mchana, lakini mtoto aliyetolewa Jumanne asubuhi akakaa nyumbani mpaka Alhamisi hakuna namna yoyote ya ufundishaji itakayomfikia huko. Najua shule inahitaji kula na kapitesheni, ile pesa ya serikali kwa kila mtoto, inachelewa. Nasema hata hivyo.

Deputi wako usimfanye adui. Kaa naye umwambie wazi kwamba jina la shule unalijali kama yeye, na umkabidhi mambo ambayo yanakula asubuhi zako, nidhamu ya kila siku, wageni, ripoti za kawaida, uzio, na umpe mamlaka ya kweli humo, asirudi kukuuliza kila kitu. DOS naye mkutane kila Ijumaa nusu saa, akuletee karatasi za vipindi na jina la mwalimu mmoja anayehitaji msaada na mmoja aliyefanya kitu kizuri, na huyo wa pili umtafute umwambie wewe mwenyewe. Bodi ikikaa, kwenye ripoti yako ukurasa wa kwanza uwe wa masomo, majengo na deni yafuate, na uwapelekee yale madaftari matatu wayashike. Wajumbe wengi hawajawahi kuulizwa kuhusu kazi ya mtoto, wanaulizwa kuhusu lori la mchanga, na wakishayaona wataanza kukuuliza maswali mazuri, na siku utakapoomba pesa ya karatasi na vitabu vya idara hutahitaji kueleza sana.